Walenga shabaha waulizwe wanachotaka, ila sio wakiwa wameshalala mstarini

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile barua ya msomaji wenu anayesema waandaaji wa mechi za kulenga shabaha ni wababe, eti wanajitungia kanuni mezani halafu wanakuja kuwabebesha wachezaji, na kwamba dawa yake ni kila mechi kabla haijaanza walioko mstarini waulizwe wanataka ipigwe vipi, wengi wape. Mimi ni mlenga shabaha na mechi nimeziendesha miaka mingi, za bunduki ya upepo ndani ya ukumbi na za raifoli za masafa marefu huko nje, na huyo ndugu nusu ya maneno yake namuunga mkono kabisa ila hiyo nusu nyingine ya kuuliza mstarini naikataa kwa sababu moja tu, nilishaifanya mwenyewe na ikanitokea puani.

Ilikuwa mechi ya yadi 900. Kanuni zilishachapishwa na kila mtu alikuwa nazo, watu wawili kwa shabaha moja, wanapokezana risasi kwa risasi, yaani mimi napiga, shabaha inashushwa, inawekewa alama, inapandishwa, wewe unaandika pointi yangu, halafu unapiga wewe na mimi naandika yako, mpaka kila mmoja amalize 2 za kujipimia na 15 za kuhesabiwa. Asubuhi hiyo bendera za upepo zilikuwa zimelala kwenye milingoti kama nguo iliyoloa. Jamaa mmoja ameshalala kifudifudi, mkanda keshaubana mkononi, akageuza shingo akaniambia bosi leo upepo haupo, kwa nini tusipige mfululizo, kila mtu amalize zake zote kwa mkupuo halafu mwenzake aingie, itaenda haraka. Nikauliza mstari mzima. Mikono ikanyooshwa, karibu yote. Nikasema haya sawa, tuendelee.

Ambaye hakunyoosha mkono alikuwa dada mmoja shabaha ya nne, na kwenye ile shabaha yeye ndiye alikuwa wa pili.

Mwenzake akapiga zake kwenye utulivu ule ule, akamaliza, akasogea. Dada akaingia, risasi za kujipimia zote mbili 5, za kwanza kuhesabiwa 5, V, yaani ile 5 ya katikati kabisa, 5, 5, na hapo ndipo bendera ya katikati ikanyanyuka kidogo, ikashuka, ikanyanyuka tena safari hii ikakaa. Kadi yake ninayo mpaka leo maana niliiomba. Ukiisoma ni kama inasimulia, 5, 4, 4, 3, hapo alikuwa anakimbizana na kliki za saiti, kile kifaa cha kulengea, halafu 5 moja, halafu 4, halafu 2 ambayo upepo uligeuka akiwa tayari anavuta, na iliyobaki huwezi kuita matokeo. Mwenzake ndiye aliyeshinda mechi. Dada alikuja mezani hakupiga kelele, aliweka kadi, akaweka na karatasi ya kanuni pembeni yake, akaniuliza nimwonyeshe ni wapi imeandikwa kupiga mfululizo. Nikamwambia mliamua wenyewe. Akasema mimi sikuamua. Nikabaki nimekaa.

Kwa wasioujua huu mchezo niwaeleze kwa nini jambo dogo kama hilo linaweza kuua mechi. Risasi ya raifoli ya ukubwa wa .308 ikienda yadi 1000, ambazo ni kama mita 914, upepo wa kawaida tu wa ubavuni, kilomita 15 hivi kwa saa, unaisogeza kama mita 2 kutoka ulipolenga, na hilo duara la kukupa 5 kwa kipimo cha kimataifa lina upana wa kama nusu mita. Yaani mtu hapigi alipolenga, anapiga pale anapodhani upepo utaipeleka. Sasa mkipokezana risasi kwa risasi upepo ukija unawakuta wote wawili, kila mtu anakula sehemu yake. Mkipiga mfululizo mmoja anaweza kula utulivu wote na mwenzake akaachiwa dhoruba, hapo tunakuwa tunapima bahati ya nani alilala wa kwanza.

Lakini nisiwe muongo, kupiga mfululizo kuna raha yake na wanaoupenda si wavivu kama wenzangu wengi wanavyosema. Shavu linakaa pale pale kwenye kitako, kiwiko hakisogei, pumzi inapata mwendo wake, na ukiona hali ya upepo uliyoipenda imerudi unapiga hapo hapo, husubiri mtu mwingine apumue apangilie akohoe. Wazee wenye shingo mbovu wanaupenda kwa sababu kulala dakika kumi si sawa na kulala nusu saa. Na siku hizi kuna shabaha za kielektroniki, risasi ikipita alama inatokea kwenye skrini pembeni yako papo hapo, hakuna wa kushusha wala kupandisha, kwa hiyo mtu mwepesi anaweza kuzimwaga zote 15 ndani ya dakika chache upepo haujapata hata nafasi ya kubadilika. Kuna wanaoona huo ni ufundi na kuna wanaoona ni kuukimbia ufundi wenyewe, na mi niseme wazi niko upande wa hao wa pili, napenda kupokezana, napenda ule utaratibu wa Bisley, ule uwanja wa kulenga shabaha kule Uingereza, kwamba zamu yako ikifika una sekunde 45 upige, upepo uwe unaupenda au huupendi. Lakini hayo ni mapenzi yangu. Ningeendesha mechi ya mfululizo kesho bila kinyongo, mradi imeandikwa kabla watu hawajalipa kiingilio.

Hapo ndipo ninapoachana na yule ndugu yetu. Anachanganya vitu viwili, kuuliza watu wanapenda nini, na kuwauliza lini. Mtu aliyeshalala mstarini hajui tena anachopenda, anajua kinachomfaa. Anaona bendera, anajua yeye ni wa kwanza au wa pili, anajua bunduki yake inapata moto baada ya risasi ngapi. Ukimuuliza hapo hakupi maoni yake kuhusu mchezo, anakupa maombi yake binafsi. Na wengi wape ni methali nzuri ya kugawana mambo ya nyumbani ila kwenye mechi wale wachache ndio wale wale wanaoshindana na hao wengi, utawapaje wapinzani wa mtu kura ya kuamua yeye apige vipi?

Nitoe mfano wa risasi za kujipimia maana ugomvi huu hauishi. Kwenye masafa marefu kwa utaratibu wa kizamani unapewa 2 tu, na kama umeipenda ile ya pili unaweza kuomba ihesabiwe, au uombe zote mbili zihesabiwe halafu unapunguziwa huku mwishoni. Kwenye bunduki ya upepo mita 10 kwa kanuni za ISSF, hilo shirikisho la kimataifa, unapewa dakika 15 za kujiandaa na kujipimia, piga ngapi unazotaka, zikiisha zimeisha, baada ya hapo ni 60 za kuhesabiwa ndani ya dakika 75 kwenye shabaha za kielektroniki, au dakika 90 kama ni za karatasi. Wachezaji wapya, hasa waliotoka ukumbini, wakija masafa marefu wanakasirika, mbona 2 tu, huku hata saiti sijaisogeza. Wakongwe wanasema 2 ndiyo zenyewe, kusoma upepo kabla hujapiga ni sehemu ya mtihani. Wote wana hoja. Ila nimeona mechi ambapo mtu mwenye jina kubwa aliomba 2 za nyongeza kwa sababu eti jua lilitoka, akapewa, na dogo aliyelala pembeni yake akaogopa kuomba. Hakuna aliyepewa kura hapo wala hakuna aliyeiba, na bado mechi ilikuwa imeharibika.

Na wanaodai risasi za kujipimia bila kikomo naomba siku moja wakae chini ya tuta, kule shabaha ziliko. Sijui kama huyo msomaji wenu amewahi. Kule kwenye shabaha za kawaida kuna binadamu anayevuta fremu ya karibu mita 2 kila risasi inapopita, anatafuta tundu, anabandika kiraka kwenye lililopita, anaweka alama, anaisukuma juu. Watu wawili wakipiga 17 kila mmoja hiyo ni mara 34, kwa zamu tatu ni mara 102, halafu mtu amelala kule juu kwenye mkeka wake analalamika kwenye redio shabaha ya sita mnachelewa. Ukiongeza risasi 4 za kujipimia kwa kila mtu zamu tatu zinakuwa mara 126. Tukisema tuulize mapendeleo ya wachezaji basi waulizwe na hao, na kwenye mechi zetu nyingi hao ni wachezaji wenyewe ambao zamu yao ya kupiga haijafika, ajabu ni kwamba mtu akiwa chini ya tuta anapenda mechi fupi na akipanda juu anapenda ndefu, mtu yule yule na siku ni ile ile.

Tuangalie na wakubwa wanafanyaje. ISSF imebadilisha mambo ambayo wachezaji wengi hawakuyapenda hata kidogo. Tangu 2013 anayeingia fainali anaanza na sifuri, zile pointi zako za mchujo zinakufikisha fainali tu halafu zinafutwa, aliyeongoza kwa mbali na aliyeponea nafasi ya nane wanakuwa sawa. Watu walilia. Kisha muziki kwenye fainali, na watazamaji wanaruhusiwa kushangilia, na kuna wachezaji waliolelewa kwenye kimya kiasi kwamba mtu akifunga zipu ya begi wanageuka kumtazama, leo wanapiga huku spika zinagonga. Mwaka 2018 wanawake wa bunduki ya upepo wakatolewa risasi 40 wakapelekwa 60 kama wanaume. Na lile pambano la kupiga ukiwa umelala kifudifudi, la mita 50 kwa wanaume, ambalo wengine tuliona ndiyo roho ya mchezo, baada ya Rio 2016 likaondolewa kwenye Olimpiki. Mimi binafsi la mwisho hilo sijalisamehe. Ila angalia, hakuna hata moja lililoamuliwa asubuhi ya mechi. Lilitangazwa, mtu akapata muda wa kufanya mazoezi na sifuri yake na muziki wake, aliyechukia alichukia akiwa nyumbani, na siku ya mechi wote walikuwa wanacheza mchezo mmoja.

Kuna ile ya Matthew Emmons wa Marekani pale Athens 2004, kila mlenga shabaha anaijua. Fainali ya mita 50 mikao mitatu, imebaki risasi moja, anaongoza kwa pointi 3, alihitaji kama 7.2 tu, kitu ambacho yeye angepiga akiwa na usingizi. Akapiga 8.1 safi, kwenye shabaha ya jirani yake. Sifuri. Akashuka mpaka nafasi ya nane na dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China. Nilikuwa na mtu tunaangalia naye marudio, akaniuliza kwani wasingemruhusu arudie, kila mtu anaona ni bahati mbaya, wangewauliza wale wengine saba. Na mi naamini kabisa wangeulizwa pale pale baadhi yao wangekubali, binadamu wana huruma. Hawakuulizwa. Kanuni inasema risasi kwenye shabaha ya mwenzako kwako ni sifuri, basi, na kwa huyo mwenzako, tundu zikiwa mbili na haijulikani ipi ni yake, anapewa ile yenye pointi kubwa. Kanuni hiyo haimjui Emmons ni nani, na ndiyo maana mtu mpya anayekosea hivyo hivyo kwenye mechi ndogo hana cha kulalamika.

Mchezaji pekee ninayemjua aliyepewa kila alichotaka mstarini ni Malkia Victoria. Mwaka 1860 kule Wimbledon, kabla mashindano ya raifoli ya Waingereza hayajahamia Bisley mwaka 1890, aliyafungua kwa kupiga risasi ya kwanza, bunduki ya Whitworth ilishafungwa kwenye stendi na kulengwa tayari kwa yadi 400, yeye akavuta kamba tu, ikaingia katikati. Sisi wengine tujipange.

Baada ya ile aibu ya yadi 900 nilibadilisha utaratibu. Sasa kabla ya msimu, kabla hata ratiba haijatoka, natuma karatasi ya maswali kwa kila aliyewahi kucheza kwetu na kwa wanaokaa chini ya tuta. Kupokezana au mfululizo. Risasi za kujipimia ngapi na zinahesabika au hazihesabiki. Shabaha ya kielektroniki ikizima katikati tunafanyaje, anarudia zote au anaendelea alipoishia kwenye shabaha nyingine na anapewa ngapi za kujipimia upya. Wenye bunduki za F-Class, zile za kuegemea stendi, ambazo duara lao la katikati ni dogo zaidi na uzito una kikomo, kilo 8.25 kwa daraja la F/TR na kilo 10 kwa F-Open, wapige na wengine au watengewe upande wao. Sare tunaivunjaje, tunahesabu V kwanza halafu tunarudi nyuma kuanzia risasi ya mwisho, au watu wanarudi mstarini kupiga upya. Hilo la sare watu wanalijibu kivivu kweli, mpaka siku wanalingana na mtu kwa kombe.

Swali moja nililifuta. Nilikuwa nauliza ungependa zamu ya saa ngapi. Karibu wote waliandika ya kwanza asubuhi, wakati joto halijaanza kucheza juu ya ardhi na shabaha haijaanza kuogelea kwenye darubini. Basi hiyo ni kura ya bahati nasibu, jina linatoka kwenye kofia, na mechi ya pili wa asubuhi wanahamia mchana. Kuna vitu havina mapendeleo, vina mgao.

Majibu yakirudi tunakaa tunaandika, na wengi hapo ndio wanapewa, simkatalii yule ndugu. Ikishaandikwa na kutumwa imefungwa mpaka risasi ya mwisho ya zamu ya mwisho. Hata mstari mzima ukinyoosha mikono miwili miwili sibadilishi. Kitu pekee kinachoweza kusimamisha mechi bila kanuni kuulizwa ni usalama, mtu yeyote, mchezaji, mwandishi wa pointi, mtoto aliyekuja kuangalia, akiona mtu mbele ya mstari au mtutu umegeukia pasipotakiwa anapiga kelele SIMAMA na wote wanafungua bolti, wanatoa risasi, wanaweka bendera ya usalama kwenye chemba, pale risasi inapokaa, maelezo baadaye. Hapo hakuna anayeuliza nani mwandaaji.

Nimeambiwa hii ni ubabe ule ule umevalishwa karatasi. Labda. Ila mtu akija mezani na kadi yake siku hizi nina ukurasa wa kumfungulia, na yeye anao huo huo mfukoni.

Yule dada alirudi msimu uliofuata. Nilitegemea asirudi, na aliporudi nilitegemea nitajua alichoandika kwenye karatasi ya maswali kabla sijaifungua. Kwenye kupokezana au mfululizo alitia tiki mfululizo, na pembeni akaandika kwa kalamu ya risasi, shingo yangu haiwezi kukaa nusu saa, ila mniambie mapema nani anaanza.

Wenu,
Mlenga shabaha wa siku nyingi